Mguu Wangu na Mkono wa Mkwe

Kibakwe, 3 Januari 1910

Daftari hili nimepewa na misioni niandike wagonjwa, lakini kurasa za nyuma nimejipa mwenyewe. Naandika ili siku nikiwa mtu mkubwa nisisahau nilianzia wapi. Naitwa Sostenes. Asubuhi nafundisha watoto kusoma, mchana nafunga vidonda barazani. Milima yote hii hakuna mwingine anayefunga kitambaa kikakaa siku tatu bila kulegea. Sijisifu, watu wenyewe wanasema.

Leo barua imefika kutoka kambi ya reli, kule Gulwe. Daktari wa Kidachi, Mjerumani wa reli, anataka mtu mmoja wa misioni, anayesoma na kuandika na kujua majeraha, awe msaidizi wake. Afike Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa tatu, kwa miguu yake, akiwa mzima. Mchungaji amenitaja mimi. Mwalimu Marko ametajwa wa pili, na wa pili atabaki hapa akifundisha irabu.

Nimemsomea mke wangu Lydia barua mara mbili. Akaniuliza, "Mara ya tatu utawasomea mbuzi?" Ana maneno huyu.

8 Januari

Yahaya, yule Mrangi anayezungusha nguo na chumvi, ametupwa na punda wake kwenye mteremko. Mkono umevimba kuanzia kiganja hadi karibu na kiwiko. Alikuwa akilalamika kama mtu aliyekatwa. Mimi nina kipimo changu, nimekitunga mwenyewe na hakijaniangusha: nikamwambia achezeshe vidole. Akavichezesha vyote vitano. Nikamwambia, "Umeteguka tu. Mfupa ukivunjika vidole vinakufa." Nikamfunga, nikaandika kwenye daftari: *Yahaya, mkono, ameteguka.*

12 Januari

Mvua. Hakuna shule.

15 Januari

Mvua ya usiku imeangusha tembe la mama mkwe wangu, upande mzima. Yeye na mbuzi wake wamenusurika. Lydia amekwenda kumchukua, na sasa anakaa kwetu, chumba cha pili, ukuta mmoja wa udongo kati yake na mimi.

Kama daftari hili litasomwa na Mdachi siku moja, basi ajue jambo hili. Kwetu Wagogo mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawagusani, hawali chungu kimoja. Tukikutana njiani nageuka kando, naye anajifunika. Mimi ni Mkristo na mwalimu, lakini heshima ni heshima. Kwa hiyo tangu leo nikitaka kutoka nyumbani kwangu mwenyewe nakohoa kwanza, nasubiri, halafu natoka. Jioni koo limeniwasha.

Lazima niseme pia kwamba mkwe huyu ni muunga mifupa. Watu wanamwendea kutoka mbali, hata wale niliokwisha kuwafunga mimi.

20 Januari

Yahaya amepita barazani kwangu bila kusimama, akaenda mlango wa pili. Nikamsikia mkwe akimuuliza maswali, sauti ya chini, haraka haraka. Baadaye Lydia akaja akasimama mlangoni na uso wa mtu aliyetumwa.

"Mama anasema ule mkono umevunjika."

"Mwambie mama anachezesha vidole."

Kumwambia kwa nini, na ukuta ule unapitisha hata pumzi? Lakini ndivyo tunavyozungumza, mimi na yeye. Lydia akaenda akarudi. "Mama anasema vidole havijaulizwa."

 Nina cheti cha misioni, yeye hana.

27 Januari

Palizi ya uwele. Mgongo.

2 Februari

Mkwe anaimba akitwanga. Sauti nzuri, sikatai. Ila anaanza kabla ya jogoo.

18 Februari

Yahaya amerudi kutoka Mpwapwa. Ameinua gunia la chumvi mbele yangu kwa mkono uleule aliouunga mkwe, akalishusha, akaliinua tena. "Mwalimu, usinikasirikie. Umenyooka." Nikamwambia aliyeteguka naye hupona kwa wiki sita. Akatazama chini kwa adabu, akasema, "Ndiyo, Mwalimu," na ile adabu ndiyo iliyoniudhi.

Zimebaki siku kumi na saba nifike Gulwe. Nimeshona mfuko wa safari.

24 Februari

Naandika nimelala.

Dari la chumba cha mkwe lilikuwa likivuja. Hakuniomba yeye, hawezi. Lydia akasema, "Mama analala ameshika chungu." Basi nikapanda juu ya paa bapa la tembe letu na kikapu cha udongo, mvua ikiwa imetulia kidogo, nikaanza kushindilia. Nilikuwa namalizia. Udongo wa ukingoni ulikuwa laini kama uji, mguu wa kulia ukateleza, nikashuka nao hadi chini, nikaangukia kisigino kimepinda.

Nikasikia kitu. Sitaki kusema ni sauti gani.

Mguu umevimba juu ya kifundo cha nje, ukawa mweusi kabla ya jua kuzama. Nikavichezesha vidole. Vinacheza vyote. Nikaandika kwenye daftari la wagonjwa kwa mkono wangu, herufi nzuri: *Sostenes, mguu, ameteguka.* Siku nne nitakuwa nimesimama.

25 Februari

"Mama anasema usiukanyage."

"Mwambie mama nimeteguka."

"Mama anauliza, nani amesema?"

"Mwambie mganga wa misioni."

 Nikasikia upande wa pili kicheko kidogo, kikazimwa na kiganja.

28 Februari

Nimesimama. Hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne sikuimaliza, Lydia akanidaka. Jasho lilinitoka kama nimebeba mzigo wa kutoka Bagamoyo. Aliyeteguka hutembea akichechemea siku ya nne, nimewaona wengi. Nikajiambia mimi nina mwili mzito.

1 Machi

Mvua, mvua. Nimelala nikitazama ukuta. Mkwe ameuliza mara tatu leo kama nasikia baridi vidoleni, kama kidole gumba kina rangi yake. Nimejibu mara tatu. Mtu mwingine angechoka na mkaidi kama mimi.

2 Machi

Marko amekuja kunijulia hali, amevaa kanzu safi. Akasema akinitazama mguu zaidi kuliko uso, "Ndugu yangu, Mchungaji anauliza. Kama huwezi, mimi naondoka keshokutwa alfajiri." Nikamwambia naweza. Nikamwambia nitamtangulia Gulwe.

Marko alipoondoka, Lydia akakusanya vyombo, akatoka. Nikamsikia ng'ambo akimwambia mama yake, "Atakwenda. Namjua. Atakwenda na utapinda, atakuwa kiwete maisha yake yote, na mimi nitamtazama hivyo kila siku." Alikuwa analia. Sijawahi kumsikia Lydia akilia, hata tulipomzika mtoto alijikaza. Nikavuta blanketi juu ya masikio, lakini ukuta ule hauna siri.

3 Machi

Leo nitaandika yote, hata yanayoniaibisha.

Asubuhi Lydia akaingia na vitu viwili. Cha kwanza ilimba ya marehemu baba yake, ile ala ya kuchezwa kwa vidole gumba, yenye vyuma vipana, ambayo haijapigwa tangu msiba. Cha pili mguu wa kuku, umekatwa gotini, bado una manyoya.

"Mama anasema kabla ya yote utazame hiki."

Akaushika mguu wa kuku, akavuta mshipa mweupe uliojitokeza kwenye mkato. Vidole vya kuku vikafumba. Akaachia, vikafumbuka. Akavuta tena. Kuku mwenyewe alikuwa chunguni tangu alfajiri, na vidole vyake vinanichezea mbele ya macho.

"Mama anasema vidole vinavutwa na mishipa. Mfupa ukivunjika mishipa haina habari."

Nilikaa nikiutazama mguu ule muda mrefu. Nilimfikiria Yahaya. Nikawafikiria na wengine. Nilikuwa nawaambia wachezeshe vidole na kuwarudisha shambani.

Kisha Lydia akaniuliza kwa niaba yake kama nakubali kupimwa. Mkwe hawezi kunigusa, hata mauti yakiwa mlangoni hawezi, na mimi nisingekubali. Lakini alikuwa ameshinda siku mbili akitafuta njia, na njia ameipata. Kuna tundu ukutani, usawa wa goti langu nikiwa nimekaa kitandani, ambalo panya walilianza na watoto wa jirani wakalimaliza. Fimbo ndefu ya mpingo ikapita tunduni. Ncha moja Lydia akaiweka kwenye mguu wangu, chini ya goti upande wa nje, pale penye kinundu cha mfupa mwembamba. Ncha ya pili ilikuwa upande wa pili, sikioni mwa mkwe.

Alianza na mguu mzima. Lydia akabana ukingo wa ilimba kwenye kifundo cha nje, akapiga chuma kile kinene. Kikanguruma. Nikausikia mngurumo ukipanda ndani ya mfupa hadi gotini, kitu cha ajabu, hakiumi.

"Mm," sauti ikasema nyuma ya ukuta.

Halafu mguu mbovu. Akapiga. Mngurumo ukapanda vidole vitatu hivi juu ya kifundo, na hapo ukanichoma kama sindano ya kushonea magunia. "Hapo," nikasema, na hakuna aliyekuwa ameniuliza.

"Rudia," mkwe akasema. Lydia akarudia. "Tena." Akarudia. Mara ya tatu nilikuwa nimeuma shuka.

Fimbo ikavutwa. Lydia akaenda ng'ambo, akakaa huko kidogo, akarudi.

"Mama anasema mguu mzima ulimpelekea sauti yote. Huu unaimeza njiani."

Bado sikukubali. Nilikuwa natafuta pa kutokea. Nikasema labda ni uvimbe unaomeza sauti. Wakasikia wote wawili. Ikaja amri nyingine, na Lydia akakunja ngumi akanigonga kisigino kutoka chini, si kwa nguvu. Maumivu hayakuja kisigino. Yakaja palepale, vidole vitatu juu ya kifundo. Akaminya nyama laini chini ya kifundo, penye uvimbe mkubwa kuliko pote. Paliuma kidogo tu. Akapandisha kidole juu ya mfupa wenyewe, taratibu, akinitazama usoni, na kabla hajafika nilishamshika mkono.

"Mama anasema aliyeteguka huumia kwenye kiungo, pale mifupa inapokutana. Wewe unaumia katikati ya mfupa, mahali pasipo na kiungo. Anauliza, mfupa una sababu gani ya kuuma katikati?"

 Cheti changu hakikunifundisha hilo.

Nikamwambia Lydia aniletee daftari la wagonjwa. Nikafuta neno *ameteguka* mbele ya jina langu kwa mstari mmoja, ili lile la chini lisomeke bado, nikaandika *amevunjika*. Nikarudi nyuma hadi tarehe 8 Januari, kwa Yahaya, nikafanya vilevile. Kisha nikasema kwa sauti, si kwa Lydia, nikiwa nimegeuzia uso mlangoni kama inavyopasa, "Mwambie mama nisamehewe. Na mwambie aniunge."

Kazi ilichukua mchana mzima. Mkwe alikaa upande wake na kusema, Lydia akatenda. Vuta taratibu. Usivute kama unang'oa muhogo. Sasa shika hapo, sikiliza kidole chako, utausikia mfupa ukirudi mahali pake. Umesikia? Lydia akasema, "Nimesikia, mama," kwa sauti ambayo sikuijua, ya mtu aliyeona kitu. Mkwe alikuwa amefuma mkeka wa mabua ya mtama, wa kipimo cha mguu wangu kamili. Sijui alikipimaje kipimo hicho bila kuniangalia. Wakanifunga.

Sikulia. Lydia atasema nililia. Asisadikiwe.

4 Machi

Alfajiri nilimsikia Marko akipita barabarani na wapagazi, wakiimba. Nimelia sasa, na hapa nakubali.

9 Machi

Mvua.

10 Machi

Mvua. Mama anasema nile mifupa ya samaki. Samaki wa wapi?

14 Machi

Yahaya ameleta samaki wakavu kutoka Mtera, fungu zima, akaniambia ameambiwa na mlango wa pili. Hakutaka chochote. Amekaa nami hadi jioni akinihadithia punda wake.

22 Machi

Siku nne zilizopita aliletwa mwanamke mmoja, Tabu, ameanguka kisimani, kifundo kimevimba kama boga. Nikiwa nimelala nikamsikia Lydia barazani. Alimgonga kisigino. Akaminya mfupa, akaminya nyama. Akachukua ilimba. Mama yake Lydia alikuwa amekaa kando, hakumwelekeza hata neno moja. Lydia akasema, "Mama Tabu, umeteguka. Funga hivi, pumzisha siku tatu, uanze kukanyaga kidogo kidogo." Leo mwanamke yule amepita hapa na mtungi kichwani.

Nikamwandika kwenye daftari. Kwenye safu ya mganga, ambayo tangu mwanzo ina jina langu tu, nikaandika *Lydia*. Nilirudi kulitazama mara kadhaa lile jina. Limekaa vizuri.

27 Machi

Pasaka. Wamenibeba kanisani kwa kitanda. Mkwe alikaa safu ya mwisho, amejifunika. Watu walikuwa wanasema kwa minong'ono, yule ndiye aliyemuunga mkwewe bila kumgusa. Kila nilipousikia mnong'ono ule kifua kilinijaa. Ni mkwe wangu mimi.

8 Aprili

Mvua zimepungua. Uwele umetoa masuke. Nasimama kwa fimbo.

14 Aprili

Wamefungua mabua. Mguu mwembamba, ngozi inabanduka, lakini umenyooka. Nimetembea hadi mtini na kurudi. Upande wa pili wa ukuta nilisikia mtu akihesabu hatua zangu kwa kunong'ona, akafika ishirini na nane, akasema, "Haya."

21 Aprili

Daktari wa kambi ya reli amepita leo akienda boma la Mpwapwa. Mtu mrefu, ndevu nyekundu, Kiswahili chake cha kubomoka lakini kinatosha. Alikuja kwa Mchungaji kunywa maji, akasikia kuna mwalimu aliyevunjika asifike kazini, akasema anataka kumwona.

Nikakaa barazani, akapiga magoti mwenyewe mbele yangu. Akapapasa mfupa kwa kidole gumba, akapanda, akashuka, akarudi palepale. Akasimamisha miguu yangu yote miwili, akapima kwa uzi. Akakaa kwa visigino vyake, akanitazama.

"Hapa vunjika. Vunjika vibaya, telezeka," akasema. "Sasa sawasawa kabisa. Nani fanya? Wewe mwenyewe?"

Nitaandika kilichopita kichwani mwangu, kwa kuwa hili ni daftari langu. Lydia alikuwa amesimama mlangoni na kata ya maji. Mchungaji alikuwa hapo. Mdachi yule akaendelea, kabla sijafumbua mdomo: "Kama wewe mwenyewe, mimi hitaji mtu kama wewe. Marko ni mtu mzuri, lakini anajua kuandika tu. Kambi mpya inafunguliwa mbele, njia ya Dodoma." Nilikuwa na neno moja tu la kusema. Ndiyo. Lydia asingenikana mbele ya mzungu, namjua. Na yule aliyeko nyuma ya ukuta angenyamaza, maana nyumba ya mkwewe ni nyumba ya mwanawe.

Nikasimama kwanza. Sikutaka kulisema nikiwa nimekaa.

"Hapana, Bwana Daktari. Mimi nilisema umeteguka. Nimeandika, unaweza kusoma." Nikampa daftari, mstari ukiwa umepita juu ya neno. "Mikono iliyouunga ni ya mke wangu huyu. Na aliyejua ni mama yake. Nilikuwa nawapima watu kwa kuchezesha vidole. Nilikuwa mjinga, na watu waliumia."

Alisoma ukurasa ule polepole, akafungua na wa Yahaya. Mchungaji akatazama viatu vyake. Kisha Daktari akauliza kama huyo mama yupo. Nikasema yupo, lakini mimi sitamwita, Lydia atamwita.

Mkwe akatoka mlango wa pili, amejifunika nguo hadi usawa wa macho. Mimi nikageuka nikatazama ukuta, kama inavyopasa. Nikamsikia Daktari akimuuliza na Lydia akieleza: kisigino, nyama, mfupa, ilimba, fimbo. Daktari akaomba aonyeshwe fimbo. Akaomba ilimba ipigwe kwenye mguu wake mwenyewe, na mkwe akasikiliza, akasema, "Huyu mzima," na Mdachi akacheka kwa sauti kubwa kama mtoto.

Halafu Lydia akaniambia kwa sauti ya chini, "Anampa mkono."

Sikugeuka. Lakini jua la jioni lilikuwa nyuma yetu, na vivuli vyao viwili vilikuwa mbele yangu ukutani. Nikauona mkono wa mkwe ukitoka ndani ya nguo. Ni mkono mdogo. Mdachi akaushika kwa mikono yake miwili, akainama, na hakuuachia upesi.

Kazi ya kambi mpya nimepewa. Nitakwenda mwezi wa saba, na Lydia pamoja nami. Watu wananipongeza tangu jioni. Nawaambia asanteni. Lakini ninachokifikiria ni mkono ule. Mgeni aliyefika leo na atakayeondoka kesho ameushika, na mimi ninayesimama kwa sababu yake sitaushika maisha yangu yote, na sijawahi kuwa na heshima kubwa kuliko hiyo ya kutoushika.